Viatu vya Chuma Chini ya Begi Lako

Roda mwanangu,

Salamu sitakuandikia, maana mchana tumekula wali kwenye sinia moja na umeniona nilivyo mzima. Wala sitakuandikia habari za kuvaa sweta, kuchemsha maji na kufunga mlango. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, Nairobi mimi si mgeni." Haya, si mgeni.

Naandika kwa sababu kuna jambo ambalo nikilianza kwa mdomo nitapiga kelele, nawe utanyamaza, na basi la asubuhi litakuja likukute umenyamaza vilevile. Kwa kunyamaza wewe ni marehemu baba yako mtupu. Sasa umepanda bodaboda kwenda Golbanti kumuaga nyanya yako, na mimi nimekaa jikoni. Karatasi nimeiweka juu ya ubao wa kukatia samaki, nimeugeuza upande msafi. Ukiona inanuka kambare usiikunjie pua. Ndio waliokulea.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepekua begi lako.

Ulisema, "Mama, begi usiliguse, nimeshapanga." Roda, wewe umezaliwa nyumba hii. Unajua mtu akiniambia nisiguse kitu mikono yangu inafanyaje.

Wewe unadhani mimi nilizaliwa hivi. Sivyo. Nilipoanza kununua samaki kwa wavuvi wa maziwa ya huku chini, niliona haya kutia mkono ndani ya boksi mbele ya mwenyewe. Niliona ni kama kumwita mtu mwizi usoni. Nikawa naangalia juu tu: kambare wanono, macho yanang'aa, barafu imepangwa vizuri. Siku moja nikafika Malindi, mnunuzi akamwaga boksi langu chini. Juu samaki wa leo, chini samaki wa juzi, tumbo limelainika kama uji. Akaniangalia mimi, si mvuvi. Aliyeitwa mwizi ni mimi. Tangu siku hiyo sinunui boksi ambalo mkono wangu haujafika chini. Wavuvi wananiona kwa mbali wanaitana, "Mama Roda huyo! Ficheni chini!" Wanacheka, nami nacheka, lakini mkono unaingia.

Basi nikatia mkono. Juu nguo. Katikati vitabu vyako vya sheria, vizito kama mawe ya kusagia. Chini kabisa, ndani ya taulo, viatu viwili vya chuma. Vile vya kutelezea barafu. Na chuma kimenolewa upya. Nilipitisha kidole kama ninavyopima kisu, kikanikwaruza.

Sasa nikumbushe, maana labda mimi ndiye nimesahau. Si wewe uliyesimama hapa hapa jikoni, siku uliyorudi, ukaniambia, "Viatu nilimpa msichana mwingine, mama. Kucheza basi. Sasa mimi ni kocha, na Mungu akijalia nitakuwa wakili"? Nikakuuliza, "Kocha hatelezi?" Ukasema unafundisha watoto ukiwa pembeni, na filimbi, kwa sababu daktari alisema goti likiumia mara nyingine halitanyooka tena. Nikakuamini. Karibu nikuamini.

Nimetoa kiatu kimoja haraka haraka. Nimekitia ndani ya debe la unga. Kimoja hakitelezi. Nimefikiri hivi: ufike Nairobi, ufungue, ukute kimoja, ujue kwamba mama amejua. Haya ndiyo niliyoyafanya mchana huu wakati wewe unaoga, nami nikakupokea na taulo nikitabasamu.

Sasa sikiliza, maana nataka ujue shuku yangu ilianzia wapi.

Unakumbuka siku uliyonipigia simu ukasema umeingia timu? Nikauliza timu ya nini. "Hoki, mama. Hoki ya barafu." Nikauliza barafu gani. "Barafu hii hii. Sakafu nzima, ndani ya hoteli." Nikakwambia, "Roda, barafu ni ya samaki." Ukacheka mpaka ukakohoa. Mimi sikucheka. Barafu naijua kuliko wewe. Naitoa Malindi kwenye gunia la pumba za mbao, nikifika Garsen jua limekwisha kula nusu. Leo mtoto ananiambia kwamba katika Kenya hii watu wazima wanakimbizana juu yake na magongo? Nilijua unanificha kitu. Nikawaza mwanamume. Nikawaza makanisa yale ya kuwafungia watu. Nikamwomba Mungu, kisha nikampigia mjomba wako Komora, maana lori lake lilikuwa linapeleka maembe Nairobi.

Hili hukulijua. Mjomba wako hakupita kukusalimu tu siku ile. Nilimtuma. Akanipigia akiwa amesimama pale pale.

"Dada, ni kweli."

"Kweli nini?"

"Wanateleza. Wamevaa makofia kama askari wa kutuliza fujo, wanagombania kidude cheusi kama kitumbua kilichoungua."

"Na Roda?"

"Roda ndiye anayewaangusha."

Nikakaa chini. Nikawaambia kina mama wa maombi, nao wakaniuliza tuombee nini hasa. Nikasema ombeeni barafu isipasuke. Wakaomba, wapenzi wale, hawakuuliza tena.

Kisha ukaja mwaka wa goti. Mwaka ule hukuja nyumbani Pasaka wala Krismasi. Nilisema nije nikuuguze, ukaniambia, "Usije mama, chumba ni kidogo." Mimi nimelala na watu wanane chumba kimoja wakati wa mafuriko, na kuku juu yake. Chumba kidogo ni nini? Lakini sikuja. Ulipokuja hatimaye ulikuwa na kovu refu, ukawa unakaa na mguu umeunyoosha mbele, na hukutaka kulizungumza. Ulisema neno moja tu ambalo sijalisahau. Ulisema mlipokuwa mnacheza mliitwa familia, na siku uliyoanguka hapakuwa na karatasi hata moja inayosema ni nani wa kukutibu. "Ndiyo maana nataka kusoma sheria," ukasema. Nikaona sasa binti yangu amejifunza kutia mkono chini ya boksi. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi juu ya goti lako.

Lakini sheria nayo naiogopa. Mawakili niliowaona mimi kwa macho yangu ni wale waliokuja Golbanti na magari meupe, wakatwambia tutie vidole gumba kwenye karatasi za mashamba, halafu tutasomewa baadaye. Baadaye haikufika. Kwa hiyo nikikuona jioni umeinamia vitabu vile, kalamu mdomoni, nakupenda na kukushuku pamoja. Namwomba Mungu uwe wakili anayesoma kwanza kwa sauti, polepole, mpaka nyanya yako aseme nimeelewa, ndipo aombe kidole.

Na kuna simu. Wiki zote hizi ulizokaa hapa, simu ikilia jioni unatoka nyuma ya jiko. Ukuta wa jiko ni wa miti na udongo, mwanangu, na mimi masikio yangu ni mazima. "Usilie. Nakuja. Umekula?" Hivyo, sauti ya chini, laini, sauti ambayo mimi hunipi. Nikasema ni mwanamume. Kisha nikajiuliza, ni mwanamume gani analia jioni akiulizwa kama amekula? Nikasema labda wa Nairobi wako hivyo.

Leo nilipokuta viatu nikaunganisha yote. Nikasema hakuna ukocha, hakuna sheria, vitabu ni vya kufunika. Anarudi kucheza. Huyo anayelia kwenye simu ni mtu wa timu anayembembeleza arudi. Ataanguka, goti litavunjika, nami nitaletewa mtoto wangu amebebwa. Nililiona lote, mwanzo mpaka mwisho, kama lililokwisha kutokea.

Na hapo ndipo nikamkumbuka Mzee Barisa.

Wewe unamjua kama yule mzee wa Kiorma anayenisalimu barabarani lakini hanywi chai kwangu. Uliwahi kuniuliza kwa nini, nikakwambia ana vidonda vya tumbo. Hana vidonda vya tumbo. Ulikuwa bado mdogo, unasoma bweni Hola, wakati lile shamba letu la mtoni lilipolala. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Nimefika alfajiri, upande mzima umelazwa, mabua yametafunwa. Na shamba letu unajua lilivyokaa: ubavuni mwake ndipo malka inapopita, ile njia tuliyowaachia wafugaji wapeleke ng'ombe kunywa mtoni. Jioni yake ng'ombe wa Mzee Barisa walipita. Kila mtu aliwaona. Kwato zao zilijaa njia nzima.

Nilisimama pale penye kwato, nikaangalia mahindi, nikageuka kwenda kwa chifu. Hatua chache tu kuingia ndani ya tope sikuzipiga. Za nini? Nilikuwa najua.

Kwenye baraza mzee mmoja aliniuliza, "Mama Roda, wewe mwenyewe uliwaona ndani ya shamba?"

"Niliona mahindi yamelala."

"Nimekuuliza ng'ombe."

"Mahindi hayajilazi!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nililipenda neno langu lile. Mzee Barisa alisema ng'ombe wake hawakutoka njiani, kijana wake alikuwa mbele na yeye mwenyewe nyuma. Nani amsikilize, baada ya makofi? Akaambiwa atoe ndama. Akatoa siku ile ile, hakubishana mara ya pili.

Mwezi haukuisha. Usiku mmoja nililala shambani kulinda kilichobaki, nikasikia mtu anakoroma mahindini. Kiboko. Jike na mtoto wake, wanakula kwa raha zao. Asubuhi nikaingia ndani ya tope, nikaona nyayo. Vidole vinne, Roda. Mtoto wa Mto Tana anayeshindwa kujua wayo wa kiboko na kwato za ng'ombe hayuko. Hata wewe ulizijua kabla ya kujua kuandika jina lako. Mimi nilizijua tangu kuzaliwa. Sikuangalia tu. Na ukitazama vizuri, zile za zamani zilikuwepo bado, zimekauka, zimenisubiri.

Nilimrudisha ndama mwenyewe, nimemvuta kwa kamba mpaka kwake. Mzee Barisa alimpokea, akampapasa shingo. Akaniambia, "Mama Roda, ndama amerudi. Jina langu limebaki kwa chifu." Nikaenda kwa chifu kusema nilikosea. Chifu alikuwa anakula. Akaniambia, "Mama, kesi ile imefungwa. Unataka kunitafutia kazi?" Basi. Nilirudi nyumbani. Ningeweza kusimama kwenye baraza lingine nikasema mbele ya wale wale waliopiga makofi. Mdomo ule ule ulikuwepo. Nilisema nitasimama, nitasimama, mpaka wengine wakafa na wengine wakahamia Ndera, na wasikilizaji wakapungua.

Wiki iliyopita nilimkuta hapo stegi ya basi, nikamwambia Roda anaenda kusomea uwakili. Akafurahi kabisa, mzee yule. Akasema, "Mwambie akifika huko aulize jinsi ya kufungua kesi iliyofungwa." Akaenda zake na fimbo yake. Sikukwambia. Nilidhani nitasema ni utani. Si utani.

Kwa hiyo nilipofika hapo katika kuandika, kalamu imenigomea. Nimejiona tena nimesimama pembeni ya tope, najua kila kitu. Ngoja niinuke. Usiende, narudi.

Nimerudi.

Nimetoa kiatu kwenye debe, nimekipangusa unga, nimekwenda nacho mlangoni. Ndara zako ziko pale, umeenda Golbanti na raba. Nimekiweka kiatu juu ya ndara.

Kimeishia katikati.

Roda, kiatu hiki hakikuingii. Hata vidole havingeingia. Nimekigeuza, nimetia mkono ndani, mkono wangu wenyewe umebanwa. Ni kiatu cha mtoto. Mtoto wa kuanza shule, anayeng'oka meno ya mbele.

Nikasema asante Bwana, harudi kucheza. Goti limepona kwangu hapo hapo. Nikasimama nacheka peke yangu mlangoni kama mwehu, unga mikononi.

Kisha nikaacha kucheka.

Mtoto gani?

Unaona jinsi mama yako alivyo? Hata dakika ya kushukuru sikuimaliza. Simu ikanirudia. "Usilie. Nakuja. Umekula?" Hiyo si sauti ya mwanamume. Hiyo ni sauti yangu mimi, nilipokuwa nakupigia bwenini Hola kwa simu ya matroni. Halafu mwaka wa goti ukanirudia, Pasaka hupo, Krismasi hupo. "Usije mama, chumba ni kidogo." Nimeanza kuhesabu miaka kwa vidole, na vidole vimefika mahali ambapo kiatu hiki kingefaa. Nimeacha kuhesabu. Nimekunja mkono nikaukalia.

Maana nimeona nini? Nimeona kiatu. Sijaona mtoto. Nimesimama pale pale penye kwato.

Unafundisha watoto, ndiyo. Uliniambia wengine wanatoka kwenye nyumba zisizo na mtu, na mmoja hakubali kuingia kwenye barafu mpaka umshike mkono. Pengine ni cha huyo, umekinoa kwa fundi, unampelekea. Pengine ndiye anayekupigia. Mtoto wa watu aliyekosa mama jioni anapiga simu kwa kocha, si ajabu. Nikiliamini hili nalala. Lakini mbona ukakifunga kwa taulo, ukakiweka chini ya sheria yote? Cha mtoto wa watu ungekiacha juu. Ungenionyesha, ungecheka, ungesema, "Mama, tazama kadogo haka."

Na jibu nalijua, ndilo linaloniuma. Wavuvi wananificha chini kwa sababu wanajua mkono wangu utakuja. Wewe umeishi na mkono huu tangu unanyonya. Sikukuachia hata sehemu moja ya juu ya kuweka kitu. Kila ulicholeta nilikigeuza kuangalia tumbo lake. Rafiki zako, barua zako, hoki yako. Nilikutumia mjomba. Nilikuwa sitaki nidanganywe tena kama Malindi, na kweli sijadanganywa. Nimefichwa tu.

Huko unakoenda, hao walimu wako watakufundisha kutilia shaka kila neno. Jifunze. Dunia ina samaki wengi wa juzi. Lakini ukishakuta kitu, mwanangu, ingia kwenye tope kwanza, chuchumaa, pima. Na ukiona umepigiwa makofi, ogopa.

Sasa nakuuliza, na sikuulizi usoni ili usinyamaze. Kama kiatu ni cha mtoto unayemfundisha, niambie jina lake, nimtaje kwenye maombi, na nitakuomba msamaha kwa sauti mbele ya nyanya yako. Kama mtoto ni wako, niambie pia. Sisemi sitapiga kelele. Nitapiga kidogo, mwanzo. Kina mama wa kanisani watasema, waache waseme. Waliombea barafu isipasuke, watashindwa na hili? Mimi nitauliza amekula nini, na anatoka jasho usiku au hatoki. Shuku yangu ya leo inasema ni msichana. Shuku yangu imekosea mara nyingi.

Nasikia bodaboda upande wa kanisa, labda ni yako. Namaliza.

Kiatu nimekirudisha. Viko viwili, vimepanguswa, chuma nimekipaka mafuta ya nazi kisishike kutu. Nimevifunga pamoja kwa leso yangu ile ya maua mekundu, uliyobebewa wewe. Imepauka lakini haijachanika. Kama kuna mtoto wa kubebwa, inamtosha. Kama hakuna, basi izuie chuma kisikate vitabu vyako.

Ila leso hiyo usinirudishie kwa kumpa mtu, wala Komora. Uje nayo wewe. Na ukiingia uani usinifiche, ulichonacho kiweke juu ya begi, mimi nitaweka mikono mgongoni.

Mama yako